Pampu Kubwa, Maji ya Chumvi

Nimepata barua mbili wiki moja, za watu wasiojuana, mmoja wa Diani na mwingine wa Msambweni, na nilipozisoma pamoja nikaona moja yaijibu nyingine.

Ya kwanza ni ya kijana wa baa katika hoteli ya ufuoni Diani. Naifupisha: "Shikamoo dada. Kuna mgeni hapa, Mwingereza, aondoka karibuni. Ana kidude cheusi cha kutia muziki utamu, kinaitwa Mojo 2. Anataka kuniuzia elfu sitini. Alinivisha hedifoni zake nikasikiliza, wallahi nilihisi niko katikati ya bendi. Nina akiba ya elfu sabini. Nichukue?"

Nikamrudishia maswali matatu. Nyimbo wazitoa wapi? Wasikiliza kwa nini? Simu yako ni ya aina gani? Majibu yakaja saa nane ya usiku alipomaliza shifti: nyimbo anazishusha YouTube wakati wifi ya hoteli imetulia, asikiliza kwa iafoni za shilingi mia tano alizonunua stendi ya Ukunda, na simu ni Android ya kawaida, yenye tundu lake la pini.

Usichukue, mdogo wangu. Si kwamba mgeni akuibia. Kidude hicho kilipotoka mwaka 2022 kiliuzwa pauni 449 huko kwao, ambazo kwa hesabu ya leo ni zaidi ya elfu sabini kabla ya nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Elfu sitini kwa kitu kizima ni bei ya mtu muungwana. Ila wewe huna tatizo ambalo kidude hicho kinalitibu.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya kwetu. Sisi watu wa Kwale habari za pampu hatufundishwi na mtu. Ile pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo utaikuta mpaka Malawi na Msumbiji, ilikuzwa na kujaribiwa katika vijiji vyetu hapa hapa miaka ya 1980. Basi wewe wajua kwamba maji yana hatua tatu: kisima, pampu, na mdomo wa bomba. Wimbo ulio nao ndio kisima. Hedifoni ndiyo mdomo wa bomba. Mojo ni pampu. Kisima chako ni cha chumvi, mdomo wa bomba umezibwa kwa tambara, nawe wataka kununua pampu ya elfu sitini.

Pampu yenyewe hufanya nini? Simu huuweka wimbo kama tarakimu, na sikio halisikii tarakimu. Lazima pawe na kigeuzi, wenyewe hukiita daki, cha kuzifanya tarakimu ziwe umeme unaopanda na kushuka, kisha amplifaya ya kuupa umeme ule nguvu ya kutikisa ngozi nyembamba iliyo ndani ya hedifoni. Kila simu yenye tundu la pini ina vyote viwili tumboni. Apple waliliziba tundu lao na iPhone 7 mwaka 2016, wengine wakafuata, na tangu hapo kazi hiyo ikahamia kwenye kile kiwaya kifupi cha adapta. Watu hudhani kile ni kiwaya tu. La, ndani ya kile kichwa chake kidogo mna kigeuzi na amplifaya kamili, na Apple walikiuza kwa dola 9.

Sasa cha dola 9 na cha pauni 449 vyatofautianaje? Cha bei kina nguvu zaidi na kelele zake zenyewe ni chache zaidi, na Mojo haswa ina kichwa cha mtu aliyekesha. Aliyeibuni ni mhandisi Rob Watts, kwa kampuni ya Chord Electronics, ambayo makao yake, amini usiamini, ni jumba kuukuu la pampu za maji kando ya mto Medway huko Kent. Wengi wanaotengeneza vitu hivi hununua chipu ya kigeuzi iliyo tayari. Watts yeye huchukua chipu tupu akaiandikia programu ya kugeuza sauti kwa njia yake mwenyewe. Vitufe vyake ni vipira vinavyozunguka na kuwaka rangi: nyekundu, kijani, samawati, kama shanga za bibi harusi.

Nakuambia haya kwa kuwa ninayo. Si hiyo ya pili, ni ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2015. Niliipata ya mtumba miaka mingi nyuma na naipenda mpaka leo, kwa hiyo usidhani ni sungura anayesema zabibu ni mbichi. Lakini kuna usiku mmoja ulinitia adabu.

Tulikuwa nyumbani Msambweni, stima imepotea, feni zimenyamaza, watu wote wako barazani. Mpwa wangu wa kike, mtoto wa kidato cha tatu mwenye kinywa kama wembe, akaniuliza kama kweli naweza kuitambua Mojo yangu na adapta ya elfu moja na kitu. Nikamwambia hata usingizini. Akanifunga leso machoni, akanivisha hedifoni, akawa ahamisha pini huku na huku bila kuniambia. Nilikuwa nimechagua wimbo wa udi wa Zein l'Abdin, kutoka ile albamu ya Mtindo wa Mombasa iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1990, maana ni rekodi safi: wasikia risha ikigusa uzi kabla ya uzi kulia. Mara kumi nikajibu, mara kumi nikapata. Nikavua leso kwa maringo.

Mtoto akacheka. "Shangazi, hiyo yako ina sauti kubwa zaidi tu."

Alikuwa amesema kweli. Sikio la binadamu lina ujinga huu: sauti ikizidi hata kidogo, kabla hujatambua kuwa imezidi, wewe waona imekuwa tamu zaidi. Wauzaji wanaujua ujinga huo vizuri mno. Basi tukafanya upya. Tukacheza mlio mmoja usiopanda wala kushuka, tukabana kipimo cha desibeli cha simu ya pili kwenye mto wa hedifoni, tukazisawazisha mbili zile. Leso tena. Kumi tena. Safari hii nikapata sita. Sita katika kumi, wadogo zangu, ni sawa na kurusha shilingi juu.

Kwa hiyo kijana wa Diani, ukitaka kujaribu kitu chochote cha muziki kabla ya kulipa, fanya kama mpwa wangu. Sawazisha sauti, fumba macho, mwenzio abadilishe. Atakayekukatalia jaribio hilo, muage kwa heshima.

Sasa twende Msambweni. Barua ya pili ni ya mwalimu wa chekechea. Kaka yake anaishi Ujerumani, na alipokuja likizo alimletea Sennheiser HD 600, pamoja na adapta ya Apple ya kuchomeka kwenye iPhone 15. "Dada, wenzangu waniambia hii ni hedifoni ya maana, lakini sauti iko mbali kama harusi ya kijiji cha pili. Imeharibika?"

Haijaharibika, mwalimu. Hiyo ni hedifoni ya kizazi: imekuwa sokoni tangu 1997 na mafundi wa studio bado wanaiheshimu. Ina mambo mawili. Kwanza ni ya wazi, mgongo wake ni wavu, basi feni yako, jogoo wa jirani na adhana vyote vinaingia ndani. Pili ina upinzani wa omu 300. Iafoni nyingi za kawaida ni 16 hadi 32. Upinzani ukiwa mkubwa, wahitaji volti zaidi kufikia sauti ile ile, kama vile bafu la ghorofani linavyotaka tangi liinuliwe juu zaidi.

Na hapa ndipo utamu wa kisa. Tazama maandishi madogo ya adapta yako kwa tochi. Nakuwekea dau yamesema A2155. Hiyo ni ile iliyotengenezewa soko la Ulaya, ambako huwekewa kikomo cha sauti kulinda masikio: yatoa nusu volti. Ya soko la Marekani, A2049, yatoa volti moja. Volti ikiongezeka mara mbili wapata desibeli 6 zaidi, na hizo utazisikia bila kuambiwa. Huenda dawa yako ni kubadilisha adapta tu. Ukiona bado, hapo ndipo mtu anaanza kuzungumza habari za amplifaya kwa haki. Hata hivyo usikimbilie ya pauni 449. DragonFly Red ya AudioQuest, iliyoanza 2016 kwa dola 199, ni kama fleshi ya kompyuta kwa umbo, haina betri ya kuchaji, na yatoa volti 2.1, zaidi ya mara nne ya ulicho nacho. Utahitaji kiungo cha kuipeleka kwenye USB-C. Hiyo itaichezesha HD 600 yako mpaka useme basi.

Wengine mtauliza: je, kama zangu ni za bluetooth? Basi swali limeisha. Hedifoni ya bluetooth ina kigeuzi na amplifaya yake ndani, na ukisikiliza bila waya kidude cha nje hakina kazi. Enda kalale.

Nirudi kwenye kisima, maana hapo ndipo watu wa pwani tunapoteza pesa nyingi. Nyimbo tunazozipenda sisi, za kina Juma Bhalo, za Malika, za Maulidi Juma, nyingi zilitufikia kwa kanda. Mombasa palikuwa na Mbwana Radio Service, watu wakirekodiwa na kanda zikauzwa, kisha mjomba anakili kanda ya jirani, na jirani aliinakili ya shemeji. Miaka mingi baadaye mtu mwema akaichezesha ile nakala ya nakala akaiweka YouTube. Ile "ssss" unayoisikia nyuma ya fidla ni ya kanda, na ile sauti inayolegea kama imelewa ni mota ya redio iliyochoka. Kigeuzi bora zaidi duniani kitakupa "ssss" iliyo bora zaidi duniani. Mimi Mojo yangu ilinisaidia kusikia kikohozi cha mtu katika harusi ya zamani sana, nikajiuliza kama bado yu hai. Ni raha yake, lakini si elfu sitini.

Ukitaka maji matamu, tafuta wimbo ambao haujapunguzwa. Apple Music iliziweka nyimbo za namna hiyo mwaka 2021 bila kuongeza bei. Lakini hesabu bando. Wimbo wa ubora wa CD usiobanwa ni kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Ule uliobanwa wa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama 2.4. Taarabu yetu haina haraka, wimbo wafika dakika kumi na mbili mshairi hata hajamtaja mhusika, basi umekula megabaiti zaidi ya 120 za CD badala ya 29. Ubanaji usiopoteza kitu huzipunguza hizo 120 karibu nusu. Shusha ukiwa kwenye wifi, uweke kwenye memori kadi. Na zile namba za kutisha kwenye maboksi, 384, 768, ziache hapo hapo kwenye boksi. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio zima la kijana hufika mitetemo 20,000 hivi, na unahitaji mara mbili ya hapo na ziada kidogo. Mojo yafika 768,000. Popo wa mapango ya Shimoni watakushukuru.

Kijana wa baa, sasa tugawe ile akiba yako. Anza na masikio. Siku hizi kuna iafoni za Kichina zenye waya, Moondrop Chu na 7Hz Zero kwa mfano, zilizoingia sokoni kwa kama dola 20, na zinaziaibisha nyingi za bei mara tano. Hizo simu yako yenyewe itazichezesha bila jasho. Tena amplifaya yenye nguvu nyingi wakati mwingine huzitia iafoni nyepesi kama hizo mvumo mdogo wakati wimbo umenyamaza, kama bahari ukiwa upande wa pili wa barabara. Ukitaka kubwa za kufunika sikio, Audio-Technica ATH-M50x ni omu 38, nazo simu yaziweza. Ukishazoea hizo kwa miezi sita, na nyimbo zako umezisafisha, na bado wahisi kuna kitu chakosekana, niandikie tena. Wakati huo nitakusikiliza.

Tahadhari moja ya feki, maana nimeumwa. Niliwahi kutoa elfu saba kwa hedifoni zenye jina kubwa, boksi limefungwa kwa nailoni, stika inang'aa. Baada ya wiki tatu upande mmoja ukafa. Fundi wa simu Ukunda akaifungua mbele yangu, akatoa kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakina kazi yoyote ila kuifanya iwe nzito mkononi. Tangu siku hiyo uzito haunidanganyi.

Na kutu! Hili halimo kwenye vitabu vya maelezo kwa sababu waliovitunga hawakai mita mia mbili kutoka baharini. Hewa yetu yabeba chumvi, na kusi ikivuma huingia mpaka kabatini. Pini ya hedifoni ikianza kufanya "krrr" ukiizungusha, itazame: utaona rangi ya kijani kama ya sarafu ya zamani. Nilipoteza waya mzuri hivyo, kwa kuuacha dirishani juma zima. Futa pini kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, weka vitu vyako kwenye mkebe wenye mfuniko unaobana, utupie ndani zile pakiti ndogo za "usile" zinazokuja na viatu vipya. Vidude vyenye betri usiviache kwenye dashibodi ya tuktuk mchana. Mojo hupata joto hata ikiwa kivulini, sembuse jua la saa saba. Ndiyo maana ya mtumba yoyote uulize kwanza habari ya betri: ilinunuliwa lini, yadumu saa ngapi sasa, na je, ganda limevimba popote? Iweke juu ya meza ya kioo uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, ndani betri imefura, usiilipie hata mia.

Halafu masikio yenyewe, ambayo hayana mtumba. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ukifika 90 basi saa ni 4 tu kwa wiki nzima. Wewe ukipanda matatu ya Likoni, manamba apiga kelele, spika ya nyuma inatetema, nawe waongeza sauti ili uishinde. Ukiwa na amplifaya ya nguvu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ile sauti haikwaruzi. Yapanda safi, tamu, nawe hujui umefika wapi mpaka ushuke, ukute kuna mbu analia ndani ya kichwa. Iafoni zinazoziba vizuri zakuwezesha kupunguza. Humo garini afadhali uzime kabisa, umsikilize mama wa kiti cha mbele akimsema mkwewe.

Mwalimu, wewe nakungoja unipe jibu la ile namba ya adapta. Na kijana wa baa, bado sijamalizana nawe. Umeniandikia kwamba mgeni alikuvisha hedifoni zake, nawe ukahisi uko katikati ya bendi. Hukuniambia hedifoni hizo ni gani, wala wimbo ulikuwa gani. Kesho akija kuagiza chai, muulize yote mawili uandike mahali. Kisha muulize hedifoni ataziuza kwa bei gani.